Ukakasi wa Jani la Mpera

Jani la mpera linalofaa kwa dawa, hasa ya kuharisha, hujulikana kwa ulimi. Chuma jani changa lililo nchani mwa tawi, lioshe, ulitafune mara tano au sita bila kumeza. Likiwa jema, mate hukauka, ulimi huwa kama umepakwa unga wa chokaa, na fizi huhisi zimebanwa. Huo ndio ukakasi. Karibu kila faida ya mpera mwilini inatokana nao, na makosa mengi yanayofanywa kwa mpera pia. Jani lisilo na ukakasi halina dawa, hata ulichemshe saa nzima.

Ukakasi unaletwa na tanini, ile ile iliyomo kwenye majani ya chai na kwenye magome ya mikoko ya Tudor hapa Mombasa, magome ambayo zamani yalitafutwa sana kwa kutengenezea ngozi. Kazi ya tanini ni kushikana na protini. Mdomoni inashika protini za mate, ndiyo maana ulimi hukauka. Tumboni inakaza utando wa utumbo uliovimba na kupunguza maji yanayovuja. Jani lina pia kemikali ya kwasetini na jamaa zake, na hizi hutuliza misuli ya utumbo isijikunje kwa nguvu. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa maji ya mpera mara nyingi husikia msokoto umepoa huku bado anakwenda chooni. Mexico, watafiti waliwapa watu wazima wenye kuhara vidonge vilivyotengenezwa kwa jani hili, na kilichofupishwa ni muda wa maumivu ya tumbo. Maabara nayo imeonyesha kwamba maji ya jani hudhoofisha bakteria kadhaa, lakini kisahani cha maabara si tumbo la mtu, kwa hiyo hatulipi jani sifa ya kuua kila kijidudu.

Kabla ya kuchuma, hakikisha mti ni wenyewe. Gome la mpera ni laini, rangi ya shaba, na hubanduka vipande vyembamba kama karatasi na kuacha mabaka ya kijani kilichopauka. Matawi machanga yana pembe nne: zungusha tawi moja baina ya vidole utazihisi. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na upande wa chini mishipa imetokeza. Livunje jani ulinuse. Harufu yake ina ukali unaokumbusha mkaratusi kwa mbali, na si ajabu, kwani mpera, mkaratusi, mkarafuu na mzambarau ni miti ya ukoo mmoja. Asili ya mpera ni Amerika ya kitropiki, na walioutawanya duniani ni Wahispania na Wareno. Jina letu la pera limetoka kwa hao Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593. Kwao pera ni lile tunda tunaloliita peasi. Kwa hivyo unapomwelekeza mtu kwa simu, usiishie kusema pera. Mwambie tunda lenye mbegu ndogo ngumu nyingi katikati, nyama nyekundu au nyeupe.

Machanga ndiyo tunayotaka: jozi mbili au tatu za kwanza kutoka nchani. Jani pevu linatumika pia, ila ni gumu, lichanwe vipande vidogo na likae motoni zaidi kidogo. La manjano, lenye madoa ya kutu, au lililokwisha anguka, liache. Kata kwa mkasi au kisu. Ukikwanyua tawi kwa mkono, gome huchanika hadi kwenye shina na hapo ndipo maradhi ya mti huingilia.

Majani yenye weusi kama masizi usiyachume. Watu husema ni moshi wa magari, na kando ya barabara ya malori ya Changamwe huenda ikawa kweli kwa sehemu. Lakini geuza jani: mara nyingi utakuta vidugamba au inzi weupe wamejipanga chini. Wadudu hawa hutoa utomvu mtamu, utomvu huo hudondokea majani ya chini yake, na ukungu mweusi huota juu yake. Kuusugua wote utoke ni kazi, afadhali tawi jingine. Mti wa jirani uliza kwanza kama umepuliziwa dawa ya wadudu, na kama umepuliziwa, tafuta mwingine. Kuna wanaokwepa mpera uliosimama karibu na shimo la choo. Vijidudu vya chooni havipandi kwenye jani kupitia mizizi. Huko tatizo ni inzi na vumbi, na jani lililooshwa vizuri kisha likachemshwa halina neno.

Sasa kupika. Kwa mtu mzima mmoja kwa siku nzima, chukua majani machanga 8 hadi 10 yenye urefu wa kidole cha kati, na maji safi vikombe 3, yaani mililita 750 hivi. Osha majani kwa maji yanayotiririka ukisugua pande zote mbili, kisha yachane kila moja vipande vitatu vinne. Usiyatwange, ukitwanga, unga wake hupita kwenye chujio na kinywaji kinakuwa na tope linalotia kichefuchefu. Tia majani kwenye maji yangali baridi, funika, washa jiko. Yakianza kutokota punguza moto na uhesabu dakika 10. Epua, acha yamefunikwa dakika 5 nyingine, chuja kwa chujio la chai au kitambaa chepesi safi. Maji yatakayobaki ni kama vikombe viwili, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, yenye ukijani kidogo.

Sufuria inaharibu kazi kuliko watu wanavyodhani. Ukipikia kwenye karai ya chuma, maji yatageuka meusi kama wino, na ni wino kweli: tanini imeshikana na chuma. Ukakasi uliokuwa uingie tumboni umeishia kwenye karai. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya stenlesi. Ya alumini ikiwa ndiyo uliyo nayo, pikia, lakini chuja mara moja umimine kwenye chupa au jagi. Usiache dawa ilale humo.

Kosa la pili ni kuchemsha sana kwa kudhani dawa inazidi nguvu. Nusu saa ya moto mkali hutoa maji mekundu yenye uchungu, ambayo mgonjwa huyatapika, na mtu anayeharisha akianza na kutapika umemwongezea tatizo. La tatu ni la kwetu hasa: maziwa. Mtu wa Mombasa akiona kikombe cha rangi ya chai mkono unaenda kwenye maziwa. Protini za maziwa zinashikana na tanini kabla haijafika tumboni, ndivyo hivyo hivyo maziwa yanavyoondoa ukali wa chai. Ladha inakuwa tamu kwa sababu dawa imeshatumika kwenye kikombe. Sukari nyingi nayo mbaya, kwani sukari iliyozidi huvuta maji ndani ya utumbo na kuendesha kunazidi. Ukishindwa kabisa na ladha, kipande cha tangawizi au mabua mawili ya mchaichai yatakusaidia bila kuharibu kitu.

Kuna wanaochanganya mpera na mwarobaini, ganda la komamanga na magome ya mwembe kwenye chungu kimoja. Sioni faida. Komamanga lina ukakasi wake mwingi, kwa hiyo umeongeza dozi bila kujua, na tumbo likiharibika zaidi huwezi kusema ni kipi kilicholiharibu.

Kipimo cha kunywa ni nusu kikombe, vuguvugu, mara 3 kwa siku, baada ya kula kitu chepesi kama uji au mkate mkavu. Kwenye tumbo tupu ukakasi hukwaruza. Kilichobaki jioni mwaga. Joto la Mombasa halihifadhi kinywaji cha majani hadi kesho. Alfajiri utakikuta na povu jembamba juu na harufu ya uchachu. Siku mbili zinatosha. Kama tumbo halijabadilika baada ya siku mbili, ugonjwa huo si wa mpera, na dozi ya siku ya nne na ya tano itakufungia choo wiki nzima. Kufunga choo ndilo lalamiko la kawaida la watu wanaolitumia jani hili, na karibu kila mara sababu ni kuendelea kunywa baada ya tumbo kutulia. Choo kikianza kushikamana, acha siku hiyo hiyo.

Haya yote yanahusu kufunga tumbo. Jani la mpera halirudishi maji yaliyotoka mwilini, na mtu anayeharisha huuawa na upungufu wa maji na chumvi. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea: watu wanashughulika na chungu cha majani, mgonjwa anakunywa nusu kikombe mara tatu akisubiri tumbo lifunge, na huku anakauka. Maji ya kurudisha nguvu yaanze kwanza, mpera ufuate. Pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zinapatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu kuna za nusu lita na za lita 1, na kukosea hapo ni kuzidisha chumvi au kuipunguza nusu. Bila pakiti, tengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga hadi vyote viyeyuke, onja. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, taratibu. Aliye mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole zaidi.

Maji gani? Kwa Mombasa hili ni swali zito. Maji matamu ya mji huu yanatoka mbali, Mzima, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi, na mfereji ukikauka watu hununua kwa mitungi ya mkokoteni au huchota kisimani. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe wenye nyufa, karibu na mashimo ya vyoo. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi hakuiondoi, inaikoleza zaidi kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Ukichanganya nusu kijiko cha chumvi kwenye maji ambayo tayari yana chumvi, umemtengenezea mtoto kinywaji kinachomkausha. Onja maji kabla ya kutia chochote. Yakiwa na chumvi, tafuta mengine, hata kama ni chupa moja ya kununua. Na maji ya mtungi, hata yakiwa matamu, yachemshe yatokote sawasawa au yatie dawa ya maji kwanza, kwani hujui mtungi ulishika nini jana.

Madafu nayo yanasifiwa sana pwani, na yana sifa yake: ni maji safi yaliyofungwa, yenye potasiamu nyingi. Sodiamu yake ni ndogo mno kwa mtu anayeharisha sana. Mpe kama nyongeza, usiyafanye ndiyo dawa. Soda haifai, ina sukari nyingi.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hatumpi maji ya mpera. Apewe maji ya chumvi na sukari, aendelee kunyonya au kula, na apate zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Wazazi wengi huacha zinki tumbo likitulia. Zinki inaendelea kuujenga utumbo na kupunguza kurudi kwa ugonjwa miezi inayofuata, ndiyo maana inapangiwa siku zote hizo.

Kuna kuharisha ambako jani la mpera ni kosa hata kwa mtu mzima. Damu au kamasi kwenye choo pamoja na homa: huo ni utumbo ulioshambuliwa, na kuuzuia usitoe ni kuwafungia vijidudu ndani. Choo cha majimaji kama maji yaliyooshea mchele, kinachotoka kwa wingi bila msokoto: fikiria kipindupindu, ambacho Mombasa inakijua, na usingoje chungu kichemke, humaliza mtu kwa saa chache. Macho yaliyodidimia, utosi wa mtoto uliobonyea, ngozi ya tumbo ikibanwa inakawia kurudi, kukosa mkojo saa 6 au zaidi, kushindwa kunywa, usingizi usio wa kawaida: nenda hospitali ukimnywesha njiani. Foleni ya feri ya Likoni inaweza kula nusu saa, kwa hiyo walio ng'ambo waondoke mapema kuliko wanavyofikiri.

Mdomoni jani linafanya kazi nzuri zaidi kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu linagusa mahali penyewe. Fizi zinazovuja damu, vidonda vya mdomo, koo linalowasha: chemsha majani 10 kwa vikombe 2 vya maji kwa dakika 15, yaani makali kuliko ya kunywa, tia chumvi kidogo, acha yapoe kabisa. Shika maji mdomoni nusu dakika hadi dakika nzima, sukutua, tema. Mara 2 kwa siku baada ya mswaki. Yakiwa moto yanaunguza fizi zilizokwisha kuvimba, na hilo ndilo kosa la kawaida. Ukiendelea kwa wiki nyingi meno hupata rangi ya kahawia kama ya mnywaji chai. Ni doa la juu, hutoka. Jino lenye tundu ni jambo jingine. Maji ya mpera hutuliza fizi inayolizunguka kwa siku moja mbili, tundu likabaki pale pale, na shavu likivimba usaha umeshaingia. Hapo ni daktari wa meno.

Kidonda kidogo cha mkwaruzo kinaweza kuoshwa kwa maji hayo hayo makali, yakiwa yamechemshwa siku hiyo na kupozwa kwenye chombo kilichofunikwa. Kubandika majani yaliyotafunwa au kutwangwa juu ya kidonda kilicho wazi tunakukataa. Mate yana bakteria wengi, na kinu kimepita vitunguu, pilipili na vumbi. Mguu wa mtu mwenye kisukari usichezewe na jani la aina yoyote.

Kuhusu kisukari chenyewe, sifa ya mpera haikuzushwa. Japani chai ya majani ya mpera imeruhusiwa tangu mwaka 2000 kuuzwa kwa wanaotaka kupunguza kupanda kwa sukari baada ya chakula, na inanyweshwa pamoja na mlo. Lakini kinachofaa kwa mtu asiyetumia dawa kinaweza kumwangusha anayetumia. Vidonge vya kisukari vikipunguza sukari, na mpera nao ukipunguza, mtu hutokwa jasho baridi, hutetemeka, huchanganyikiwa. Mwezi wa Ramadhani ni hatari zaidi, maana kuna wanaopika chungu cha mpera cha daku wakijua watakaa hadi magharibi bila kitu tumboni. Mwambie daktari wako kabla, na usiache kidonge kwa sababu ya jani.

Wajawazito wana sababu yao ya kujihadhari. Wanapewa vidonge vya madini ya chuma kliniki, na tanini inashika chuma tumboni kama inavyokishika kwenye karai. Aliyeona wino ule mweusi hahitaji maelezo zaidi. Mwenye upungufu wa damu vivyo hivyo: asinywe maji ya mpera karibu na kidonge wala karibu na mlo wa maharagwe na mchicha, aachanishe kwa saa 2 angalau. Mjamzito kwa jumla tunamwambia ale tunda, aache majani.

Kujifukiza kwa majani ya mpera kwa mafua kunafungua pua kwa sababu ya mvuke; jani linaongeza harufu tu. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imeunguza watoto wengi. Na la kuoshea nywele ziote, mimi silipingi wala sililipii.

Anayetaka akiba ya majani makavu lazima apigane na hewa ya bahari. Chuma asubuhi umande ukishakauka, osha, kung'uta, tandaza safu moja kwenye ungo, uweke kivulini penye upepo. Jua kali huyafanya kuwa ya kahawia na kuondoa harufu. Wakati wa kaskazi, siku 4 au 5 zinatosha. Masika inaweza kupita wiki na bado jani linajikunja bila kuvunjika, na jani la namna hiyo ukilitia kwenye chupa huota ukungu mweupe ndani ya siku chache. Kipimo ni sauti: likunje, likatike kwa mlio. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, na andika tarehe. Baada ya miezi 6 harufu imekwisha, badilisha. Vijiko vya chai 2 vya majani makavu yaliyofikichwa vinachukua nafasi ya majani mabichi 8.

Tunda lina desturi tofauti na jani, na hapa ukakasi unaeleza tena. Pera bichi la kijani, lile linalokatwa na kutiwa chumvi na pilipili, lina tanini nyingi na hufunga choo; mtoto aliyekula matano atakaa siku mbili akilia. Likiiva tanini inapungua, utamu unapanda, na nyuzi zake pamoja na mbegu hulegeza choo. Kwa hiyo anayesema pera linafunga na anayesema linafungua wote wana haki. Vitamini C yake ni nyingi ajabu: gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228, wakati chungwa lina kama 53. Sehemu kubwa iko kwenye ganda na nyama iliyo karibu nalo, kwa hiyo kumenya ni kutupa. Lililotobolewa na popo usiku au kudonolewa na kunguru, usikate upande mmoja na kula mwingine, tupa lote.

Funza ndani ya pera ni watoto wa inzi wa matunda. Aina inayosumbua zaidi sasa iligunduliwa Kenya mwaka 2003 ikitokea Asia. Jike hutaga chini ya ganda pera linapoanza kubadilika rangi, na funza akishiba hutoka, hujizika mchangani, hurudi akiwa inzi. Ukiacha mapera yaliyoanguka yaozee chini ya mti unafuga inzi wako mwenyewe. Yaokote kila siku, yatie kwenye gunia la nailoni lililofungwa yakae juani, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tangu 2017, au yafukie nusu mita kwenda chini. Kuyafukia juu juu ni kuwasaidia. Mapera machache unayoyataka yafunge kwa karatasi ya gazeti yangali kijani.

Kupanda hapa kuna adui mmoja: mwamba wa matumbawe. Chimba kwa mtaimbo shimo la sentimita 60 kila upande, ujaze udongo mwekundu uliochanganywa na madebe 2 ya samadi iliyooza. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi na hufunga madini ya chuma, ndipo majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kuzika misumari yenye kutu hakusaidii, kwani chokaa inaifunga kutu hiyo pia. Samadi kila masika, matandazo ya majani, na mbolea ya chuma ya kupulizia kwenye majani ndiyo hurejesha rangi. Usichume dawa kutoka kwenye majani ya manjano hadi mti upone.

Mche wa mbegu huzaa baada ya miaka 3 hivi na huenda usifanane na mama yake. Ukitaka mti ule ule, toa pete ya gome ya sentimita 2 au 3 kwenye tawi lenye unene wa penseli, lifunge kwa vumbi la makumbi lililoloweshwa, ulikaze kwa kitambaa cha nailoni. Ndani ya mwezi 1 hadi 2 mizizi itaonekana, kisha kata chini yake uoteshe. Mpera huzaa kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo pogoa baada ya mavuno, mvua ikikaribia, ukipunguza robo ya urefu wa matawi. Tawi lenye panda nzuri wapigaji manati watalichukua kabla halijafika chini. Wiki chache baadaye mti mzima unakuwa na ncha changa zenye wekundu kidogo, na hizo ndizo zenye ukakasi mkali kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwa hizo punguza kipimo: majani 6 badala ya 8.